Khavere na Shokabzoba za Mashini ya Kanisa

Ukichukua sufuria ya Khavere ukaenda nayo msibani, ulijua utairudisha ileile. Hakuna aliyethubutu kumletea mchezo. Chini ya kila sufuria yake, kila sahani, hata kwenye kifuniko cha birika, palikuwa na nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, na kando yake msalaba mdogo uliokwaruzwa kwa msumari. Wanawake wengi wa mtaa wa Mbotela walivitia alama vyombo vyao, maana vyombo vya misiba na harusi huchanganyika, na kila mtu hujitwalia kinachong'aa kuliko chake. Lakini wenzake walitia rangi tu. Khavere alitia rangi na msalaba, kwa sababu rangi, alisema, hutoka kwa petroli, na mwizi hakosi petroli.

Walimwita Mama Kufuli. Nyumba yake ilikuwa ya chumba kimoja na mlango wake una kufuli tatu, na ya tatu ufunguo wake ulining'inia shingoni mwake pamoja na picha ya mumewe. Alipong'olewa jino aliomba apewe jino lake aende nalo nyumbani. Daktari alimuuliza la nini. Akamjibu, "Na wewe unalitakia nini?"

Sasa, mtu hazaliwi akiwa hivyo, na itakuwa uonevu nikimcheka bila kusema alikotoka. Khavere aliletwa Nairobi kutoka Maragoli mwaka wa sitini na nane na mumewe, Luseno, aliyefanya kazi reli. Luseno alimnunulia cherehani, na hiyo cherehani ilishona sare za nusu ya watoto wa Mbotela. Luseno alipofariki, ikabaki yenyewe kulisha nyumba. Siku moja ikaanza kuruka mishono. Khavere akaipeleka kwa fundi, akaiacha huko, akarudi baada ya siku mbili kuichukua. Nje ilikuwa ileile, na maua yake ya dhahabu. Ndani ilikuwa nyingine. Ilitafuna uzi wiki tatu, kisha ikanyamaza kabisa, na yule fundi akaapa kwa mama yake mzazi kwamba hakugusa kitu ila kutia mafuta.

Khavere akaenda kushona mashati kiwandani, Industrial Area, kwa mashini za watu, miaka kumi na minne. Huko ndiko alikowapatia wanawe wawili karo. Na tangu hapo akajiwekea sheria: kitu chake hakilali kwa fundi, na fundi hakigusi bila yeye kuwapo. Saa ya ukutani ilipoharibika alikaa mbele ya fundi saa hadi yule maskini akaangusha skrubu na kuitafuta kwa magoti, Khavere naye akiitafuta pamoja naye asije akaimeza.

Basi ilipofika mwaka wa tisini na sita, kanisa lilipotaka mtu wa kusimamia matengenezo ya mashini, hakuna jina lingine lililotajwa.

Hiyo mashini ilikuwa pikipiki ya magurudumu manne, minene, ya kupanda milima na kupita matopeni. Marafiki wa kanisa waliitoa kwa zahanati moja ndogo huko Maragoli, na nesi aliyeiendesha alikuwa Jacklyne, kifungua mimba wa Khavere. Jacklyne aliitumia kupeleka chanjo vijijini, na akirudi alibeba wagonjwa kwenye kichanja cha nyuma, wengi wao wanawake wenye uchungu wa kujifungua. Lakini shokabzoba za nyuma, vile vyuma viwili vyenye springi vinavyomeza mishtuko ya njia, zilikuwa zimekufa. Kila jiwe lilimpanda Jacklyne mgongoni. Alimwandikia mamake: "Mama, siku hizi jioni siwezi kuinama kufungua viatu. Na wiki jana mama mmoja nilimtoa salama lakini mtoto hakufika." Khavere aliisoma barua hiyo hadi mikunjo ikachanika.

Mgeni mmoja wa kanisa akaleta shokabzoba mbili mpya kutoka Afrika Kusini. Hazikuwa za kampuni iliyotengeneza mashini. Zilikuwa za kiwanda kingine, nene, zenye nguvu zaidi, na springi zake zimepakwa rangi nyekundu. Nairobi nzima hukuweza kupata jozi nyingine kama hiyo. Mzee Nahashon, mwenye lori, akaileta mashini Mbotela, na alitakiwa kuondoka nayo Jumamosi alfajiri kurudi magharibi. Kazi ilikuwa ya siku moja, Ijumaa. Sanduku la shokabzoba lilikaa chini ya kitanda cha Khavere, nyuma ya kufuli tatu.

Ijumaa asubuhi, kabla ya chai, Khavere alilifungua. Alitafuta mahali pa kutia alama. Kwenye springi rangi nyekundu isingeonekana. Chini ya springi palikuwa peusi na pana mafuta mafuta. Palipokuwa safi ni mahali pamoja tu: ile fimbo ya chuma iliyo katikati, inayong'aa kama sufuria mpya, ambayo huingia na kutoka mashini inaporuka. Ilifunikwa na soksi ya mpira. Aliipandisha soksi kwa mpini wa kijiko, akapitisha msumari katikati ya springi, akakwaruza msalaba wake, akatia tone la rangi ya kucha, akairudisha soksi chini. Ukiitazama hukuona kitu. Akafurahi nafsini mwake.

Akaishika ya pili. Alikuwa amekwisha tia rangi na ndio anauinua msumari, Nahashon akapiga hodi. "Mama Jacklyne, bado uko kwa maombi?" Khavere akaisukumiza shokabzoba sandukuni jinsi ilivyokuwa, bila msalaba, soksi ikiwa juu, akatoka na sanduku kifuani.

Fundi aliitwa Opicho. Alikuwa mtu wa Bungoma, wa miaka arobaini hivi, na karakana yake ilikuwa uwanja mtupu kando ya ukuta, hatua chache kutoka Jogoo Road. Nahashon alimsifu sana njia nzima. Khavere hakupenda. Fundi wa kusifiwa hivyo, alijiambia, mmekula naye wapi?

"Mulembe, mama," Opicho alimsalimia.

"Mulembe. Kigoda kiko wapi?"

"Cha nini, mama?"

"Cha kukalia. Mimi siendi popote."

Opicho hakusema neno. Alimletea kigoda, akakipangusa kwa mkono wa shati. Hilo nalo Khavere alilipima. Mafundi aliowajua walikuwa na maneno mengi, walikutolea hadithi za magari ya wakubwa waliyoyatengeneza. Huyu alikuwa kimya, na mtu aliyenyamaza ana jambo analolipanga.

Nahashon akaenda zake kutafuta matairi ya lori, akawaacha wawili hao na mashini.

Opicho aliinua mashini kwa jeki, akaweka mawe chini ya fremu, akatoa magurudumu ya nyuma. Kabla ya kugusa shokabzoba alichomeka gogo chini ya ekseli.

"Gogo la nini?"

"Nikizitoa hizi, ekseli itaning'inia, mama. Itavuta kebo ya breki."

Likaingia akilini, ingawa Khavere alilitazama gogo upande huu na upande huu. Shokabzoba za zamani zilipotoka aliagiza zitiwe kwenye gunia, pamoja na boliti zake, pamoja na bushi zake za mpira zilizolika. Kisha akalivuta gunia, akalikunja, akaliweka juu ya kigoda na kulikalia. Vijana waliokuwa wakipiga gumzo kwenye ukuta wakacheka.

"Mathe, hapo hata kuku hawezi kuiba!" mmoja akapaza sauti.

"Cheka tu," Khavere akamjibu. "Na wewe nimekuona."

Ikafika zamu ya mpya. Opicho alitoa moja sandukuni, akaigeuza, akaitazama juu hadi chini, akaifunga upande wa kushoto. Akatoa ya pili. Hapo akasita. Akaisogeza juani, akampa Khavere mgongo, akachovya kitambaa kwenye mkebe wa petroli na kusugua kitu.

Khavere alikuwa amesimama tayari. "Unafuta nini?"

"Uchafu kidogo, mama."

"Uchafu gani kwa kitu kipya?"

"Umekwisha," Opicho akasema, akaivuta soksi ya mpira chini, akaifunga upande wa kulia.

 Khavere alikaa tena, lakini kigoda kilikuwa cha moto. Alimwona Opicho akipaka bushi mpya grisi, akipitisha boliti, akizungusha nati kwa vidole tu, kisha akaweka spana chini na kujipangusa mikono, kazi imekwisha! Khavere akainuka, akaenda kuzishika nati moja moja. Zote nne zilicheza.

"Hizi hujakaza."

"Bado, mama. Hizi hukazwa mashini ikiwa chini na mtu amekaa juu. Ukizikaza ikiwa hewani, bushi zinajinyonga, hazimalizi mwezi."

Alisema hivyo kwa upole kabisa. Upole wenyewe ndio uliomchoma Khavere. Hata yule wa cherehani alikuwa mpole. Aliwaza: ataziacha hivi, Jacklyne afike mteremkoni na mgonjwa nyuma, nati itoke. Aliwaza tena: au hizi si zile. Alinipa mgongo. Alikuwa na kitambaa. Mkononi mwa fundi kunapita nini hata jicho lisione?

Mashini ikateremshwa. "Mama, wewe ndiwe mzito wa leo, uniwie radhi," Opicho akasema, na Khavere, ambaye hakuwa mwembamba, akapanda akakaa pale anapokaa mtoto wake. Fundi akalala chini na kukaza nati zote kwa nguvu, mishipa ikimtoka shingoni. Ndivyo alivyosema angefanya, na ndivyo alivyofanya. Khavere hakutulia hata kidogo.

Nahashon alirudi saa tisa, wakaenda kuijaribu kwenye uwanja wa mpira. Khavere alikataa kubaki. Alipanda kichanja cha nyuma, kanga imefungwa kiunoni, akashika vyuma kwa mikono miwili, na Mbotela ikapata kitu cha kuzungumza kwa mwezi mzima. Walipita kwenye mashimo, wakapanda kifusi, wakashuka. Raundi ya kwanza alishangaa: ilikuwa laini! Alijaribu kuhesabu mishtuko kwenye mgongo wake akakosa ya kuhesabu. Alimwaza yule mama aliyepoteza mtoto, akataka kulia. Raundi ya nne, upande wa kushoto ukaanza kugonga. Raundi ya sita uligonga kweli, na Nahashon akairudisha mashini hadi mbele ya karakana.

Mafuta yalikuwa yanachuruzika kwenye shokabzoba ya kushoto, yanadondoka hadi kwenye tairi.

Khavere aliteremka. Mpya haivuji. Inayovuja ni kuukuu. Akaenda upande wa kulia kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo aliyoiona ikifutwa, akapenyeza kidole katikati ya springi, akaipandisha soksi ya mpira, akainama kutazama. Fimbo ilikuwa safi. Hapakuwa na nukta wala dalili ya nukta.

"Alama yangu iko wapi?" Sauti ilimtoka ambayo yeye mwenyewe hakuijua. "Umenibadilishia! Umeziuza za mtoto wangu! Mwizi wewe! Mwizi!"

Neno hilo Eastlands hulitamki hivi hivi. Vijana wa ukutani walikuwa chini kabla halijaisha. Mwanamume aliyekuwa akiuza miwa aliacha mkokoteni wake. Watu walitoka kwenye milango ambayo Khavere hakujua kama ina watu, na duara likajifunga kumzunguka Opicho, na halikuwa na mlango. "Ameiba nini?" "Speya za kanisa!" "Za kanisa?" Mmoja alikuwa ameokota jiwe tayari, akilipimapima mkononi. Nahashon alipiga kelele watu watulie, hakuna aliyemsikia.

Opicho hakukimbia. Angekimbia angekuwa amekufa, na alijua. Aliweka spana chini taratibu, akakaa palepale mavumbini, mikono juu ya magoti ili ionekane. 

"Mama," akasema, "ya kulia niliifuta mimi. Ilikuwa na rangi kwenye fimbo. Nilijua ni wewe. Sikutaka kukuaibisha." Akaelekeza kidevu. "Kitambaa kile pale. Sasa tazama ya kushoto. Nakuomba. Tazama kabla hujasema lingine."

Khavere alikitazama kitambaa. Kilikuwa cheusi kwa grisi, na pembeni kina doa jekundu.  Aliinama upande wa kushoto, akaipandisha soksi iliyolowa mafuta, na hapo alikuta msalaba wake. Msumari ulikuwa umeinua ukingo mdogo wa chuma, mdogo kiasi kwamba jicho halikuuona, ni kidole tu kilichokwaruzwa nao. Kila mashini iliporuka, fimbo ilipita na ukingo huo ndani ya sili, ule mpira mwembamba unaozuia mafuta yasitoke, ikauchana kidogo kidogo. Vipande vya rangi nyekundu vilikuwa vimebaki vimeganda kwenye mdomo wa sili.

Aliona yote hayo kwa mara moja. Shokabzoba zilikuwa zilezile, na aliyeiharibu hii alikuwa yeye. Na aliona jambo jingine: hakuna mtu mwingine duniani aliyejua kuhusu alama hizo ila yeye na mtu aliyekaa chini. Angeshusha soksi tu. Asingehitaji kusema uongo, angenyamaza tu, na duara lingefanya kazi yake, na hakuna ambaye angemcheka Mama Kufuli hadi kaburini.

"Mathe, ni yeye?" aliuliza yule mwenye jiwe.

Khavere alisimama, mafuta yakimtiririka hadi kiwiko. "Hakuna mwizi hapa."

"Lakini umesema..."

"Nimesema na nimekosa! Ni mimi. Niliikwaruza kwa msumari, mimi mwenyewe, nyumbani kwangu, nikidhani naweka alama kwenye sufuria. Mimi ndiye niliyeivunja. Mnasikia? Weka hilo jiwe chini, na wewe, nimekwambia nimekuona!" Na alipoona mkono bado uko juu, akaenda akasimama kati ya jiwe na Opicho, akavua kitambaa chake cha kichwa mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuna aliyemwona akilifanya tangu mazishi ya Luseno, akaanza kulia kwa sauti.

Walicheka, wengine. Wengine walisonya kwa kuharibiwa jioni yao. Duara likafunguka polepole, muuza miwa akarudi kwa miwa yake.

Opicho alikaa chini muda mrefu. Alipoinuka alienda nyuma ya ukuta, na safari hii Khavere hakuuliza anafuata nini huko. Alimsikia akitapika.

Aliporudi alikuwa amenawa uso. Aliipandisha mashini juu ya mawe tena, akachomeka gogo, akaitoa shokabzoba ya kushoto bila kumtazama mtu. "Mukuru kwa Reuben kuna jamaa ana mashini ya kukereza," akamwambia Nahashon. "Ataifungua, atatia sili nyingine na mafuta, na hiyo fimbo ataipiga msasa hadi iwe laini. Nikienda sasa nitamkuta." Kisha akamgeukia Khavere. "Twende, mama. Utaichunga."

Hakumkejeli. Aliisema kama mtu anayejua namna kazi hii inavyofanyika.

Khavere alikuwa amekwisha kamata gunia lake, mguu mmoja mbele. Kila kitu mwilini mwake kilitaka kwenda. Jozi ilikuwa moja tu, lori liliondoka alfajiri, na Jacklyne alikuwa huko na mgongo wake. Aliona cherehani, na maua yake ya dhahabu, ikibebwa kuingia kwenye mlango wa giza.

"Nenda," akasema. "Mimi nitakaa."

Akakaa. Nahashon anasema hajawahi kumwona binadamu akikaa kwa taabu namna ile. Aliinuka, akakaa. Alitazama njia. Saa moja ikapita, na nyingine ikaanza, watu wakirudi kutoka kazini wakimtazama mwanamke asiye na kitambaa kichwani akilinda mashini yenye mguu mmoja. Alimshuku Opicho mara ishirini, na kila mara alijikumbusha jiwe, na kila mara shaka ilirudi vilevile, haikuwa na aibu.

Jua lilikuwa bado halijazama Opicho alipotokea, shokabzoba imefungwa kwenye gazeti. Alimkabidhi Khavere mwenyewe. Akaifungua. Springi nyekundu, ndiyo, lakini springi nyekundu ziko nyingi. Kidole chake, bila kumwomba ruhusa, kilipenya katikati na kuipandisha soksi, kikatelezesha juu ya fimbo kutafuta msalaba.

Hapakuwa na msalaba. Fimbo ilikuwa laini tupu, haina mkwaruzo wala rangi, imesafishwa vizuri hadi hakuna kitu chochote duniani ambacho kingeweza kumwambia kwamba hii ndiyo ile aliyoitoa mkononi mwake. Alikuwa na mtu tu, amesimama mbele yake, mavumbi ya saa tisa bado yako kwenye suruali yake.

Opicho alikuwa anakitazama kile kidole. 

Khavere akaishusha soksi ya mpira mahali pake, akamrudishia shokabzoba kwa mikono miwili.

"Funga, mwanangu," akasema. "Nitakuja niikalie mashini, ukaze."